Shukrani Kabla ya Jibu

Siku hizi vijana wetu wa Goma wakitoka katika mahojiano ya kazi huulizana: Je, yafaa kumwandikia barua ya shukrani yule aliyetuhoji? Desturi hiyo imetoka Marekani. Kule mtu huandika mistari miwili mitatu kesho yake, na huhesabiwa kuwa adabu njema tu. Kwetu jambo lina uzito mwingine.

Binti mmoja wa Majengo alitujia na swali hilo hilo. Alikuwa amehojiwa huko Himbi, kwa kazi ya kutunza fedha katika shirika moja la misaada. Tangu Januari 2025, M23 walipoutwaa mji na mabenki yakafungwa, kazi za namna hiyo zilipungua sana. Mjomba wake alikuwa amemwambia: "Barua tupu hailiwi. Peleka na jibini ya Masisi." Binti akatuuliza, "Mwalimu, niandike ama niache?"

Hapo ndipo penye shida, maana kwetu shukrani na matabishi hukaa nyumba moja. (Neno hilo lina asili ya Kireno, mata-bicho, yaani kuua mdudu, ndicho kileo cha asubuhi.) Anayetoa husema ameshukuru, anayepokea ajua kwamba ameombwa. Na kijana asiye na jibini, je, atashindana kwa kitu gani?

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, afundishapo juu ya shukrani, atenga moyo na zawadi. Moyo, asema, ushukuru mara; zawadi ingoje wakati wake. Twaona fundisho hilo lafaa hata Himbi. Yule bwana ametoa nini? Ametoa saa yake, amesikiliza. Hayo yamekwisha kupokelewa, yaweza kushukuriwa leo. Kazi yenyewe haijatolewa. Kuishukuru ni kuidai. Tena kazi si mali yake, ni ya shirika, hivyo jibini haina wakati wake kamwe, hata baadaye.

Lakini tusijifanye wema. Zamani sisi nasi tuliandika barua ya namna hiyo, nzuri kweli kweli, tukanyimwa kazi. Mwezi haukwisha tukamwona yule mhoji njiani Birere, tukageuza uso kama watu wanaopatana bei ya viazi. Siku ile tulifahamu kwamba barua yetu ilikuwa ndoana.

Basi tulimwambia binti: Andika, mistari mitatu, bila jibini, bila kumsifu mtu elimu yake, na maneno yawe yale ambayo ungeweza kuyaandika hata kama umekwisha kukataliwa. Akaandika pale pale barazani, akafuta mahali aliposema "nikingojea wema wako", akatuma.

Baada ya siku tisa jibu lilikuja: kazi alipewa mwingine. Jioni binti akatuonyesha simu yake. Alikuwa amemwandikia yule bwana mara ya pili, asante kwa kumjulisha. Jibini waliila nyumbani, na mjomba alikula zaidi ya wote.