Mizani ya Mchunguzi

Ndugu mmoja katika darsa yetu aliuliza suala ambalo wazee wengi wa mji wanalo moyoni wala hawalitamki. Mwanawe amefaulu, naye ataka kwenda kusomea elimu ya maradhi na viumbe, awe mchunguzi. Je, atarudi Mwislamu, au atarudi mtu wa kushuku kila kitu?

Suala hili si la kuchekwa. Kazi ya mchunguzi ni kushuku. Hulipokea neno la mwalimu wake, akalipima, na lisiposimama hulitupa, hata kama mwalimu ana jina kubwa. Mtoto aliyelelewa kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa, akiizoea kazi hii mchana kutwa, ataiacha vipi mlangoni arejeapo nyumbani jioni?

Natumtazame Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 akafa Misri karibu ya mwaka 1040. Aliandika kitabu kizima juu ya mambo aliyoyatilia shaka katika maneno ya Batlamyus, na katika Kitab al-Manazir akabainisha kwamba jicho halitoi mwanga kuviendea vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni. Lakini aliwausia watafutao haki wazituhumu na akili zao wenyewe. Shaka ya namna hii i karibu na unyenyekevu kuliko kiburi.

Yasimuliwa kwamba alinena angeweza kuutengeneza mto wa Nili ukafaa watu wakati wa kujaa na wa kupungua. Khalifa al-Hakim akamwita, akampa watu na mali. Alipofika upande wa Aswani, baada ya kuyaona majengo ya watu wa kale, alitambua kuwa lau jambo lile lingaliwezekana, mafundi wale wasingaliliacha. Akarudi akakiri. Fikirini: mtu yu mbele ya mtawala asiyejulikana leo atakirimu au ataua, mali yake imekwisha tumika, na jawabu alilo nalo ni kwamba alikosea! Kisha, wasema, alijifanya mwendawazimu kwa hofu, akakaa hivyo hata al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye akawa akila kwa kunakili vitabu. Ule wazimu wa uongo siutetei. Lakini juu ya mto hakudanganya.

Basi naona wazee wetu wameogopa lisilokuwa la kuogopwa. Hatari haimo katika shaka. Imo katika mizani. Mchunguzi wa leo yu peke yake usiku na vyombo vyake. Fedha za kazi zatoka kwa wengine, mkataba wake ni wa muda mfupi, na cheo chake chafuata makala anazozichapisha. Tarakimu moja yaiharibu hesabu yote. Akiifuta, nani atajua? Muuza duka akipunja kibaba, mnunuzi aweza kupima tena kwake. Huyu akipunja, mgonjwa asiyemjua atameza dawa isiyofaa. Sura ya al-Mutaffifin twaisoma tukidhani yawahusu wenye maduka tu.

Sisemi kwamba wasio Waislamu hawana uaminifu. Wengi wanao, na baadhi yetu hatuna. Nasema kijana aliyefunzwa tangu chuoni kwamba Mola amwona pasipo na mtu, amekwenda na akiba.

Ama wale wasemao elimu hizi si za dini, na wamsome Ghazali, aliyekufa mwaka 1111. Aliitia tiba katika faradhi za kutosheleza, akalalamika kwamba iko miji isiyo na tabibu ila asiye Mwislamu, na watu wasongamana kwenye fiqhi. Hapa kwetu Kilifi, tangu mwaka 1989, pana kituo cha uchunguzi wa maradhi, malaria ikiwamo. Mbu hawaulizi dini ya mtoto.

Yule ndugu alitaka kujua amwusie nini mwanawe. Tulimwambia kila likizo amwulize habari za sala zake. Kisha amwulize ni jaribio gani lililomshinda mwaka huo, na amelikiri mbele ya nani.