Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Somo: Nehemia, sura ya 3 na ya 5



Masika yakianza hapa Dunda, mwenye nyumba ya miti na udongo hulala sikio wazi. Maji hupiga chini ya ukuta, udongo humong'onyoka, na asubuhi fito hubaki wazi kama mbavu. Nasi tukipata habari hiyo Kanisani, twachanga sadaka, twampelekea mama yule shilingi na nguo, kisha twarudi nyumbani tukiwa radhi. Sadaka ni njema. Lakini masika ya pili ukuta ule ule waanguka tena.

Basi someni sura ya 3 ya Nehemia. Wengi huiruka, maana ni majina matupu. Lakini tazameni ni majina ya nani. Mfalme wa Uajemi alitoa ruhusa na miti. Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa na wenyeji. Wamo makuhani, wafua dhahabu, watengeza manukato, na Shalumu pamoja na binti zake. Tena wengine walishika kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe. Mtu hafanyi kazi ya ovyo pale watakapolala watoto wake.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Siku ya kukandika nyumba, huyu alichota maji, yule alikanyaga udongo, akina mama walipika, na hakuna aliyeuliza jirani anasali wapi.

Msidhani mambo hayo yamepita. Katika miaka ya 2000, watu wengi wa Kurasini, Dar es Salaam, walitakiwa kuhama ili bandari ipanuliwe. Wenye nyumba walipewa fidia. Mpangaji, aliyekuwa na kitanda na sufuria tu, angelipwa nyumba gani? Lakini wapangaji wengine walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba, vya Shirikisho la Maskini wa Mijini, na wengi wao walikuwa wanawake. Senti kwa senti, wakisaidiwa mkopo, walinunua ekari 30 huko Chamazi. Walijifunza kufyatua matofali, wakakaa pamoja kupanga ramani, wakaanza kujenga. Haikuwa rahisi. Chamazi ni mbali na kazi za mjini, mkopo ni mzigo, na si wote waliohamia. Hata hivyo nyumba zilisimama, na waliozijenga ni wale wale waliohesabiwa kuwa hawana kitu.

Ndugu zangu, hapo ndipo Neno linapotugusa. Aya ya 5 yasema kwamba wakuu wa Watekoi walikataa kuinamisha shingo zao katika kazi. Wadogo walijenga, wakubwa walitazama. Na katika sura ya 5 maskini wanalia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao kwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuwapa pole tu. Aliwaita wakuu mbele ya watu wote, akawataka warudishe.

Miongoni mwetu tunaoshiriki meza moja ya Bwana, wako wenye nyumba na wako wapangaji. Je, yule unayempa amani siku ya Jumapili, Jumatatu wamdai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, nawe wajua mshahara wake hupatikana kwa siku? Mvuvi atazitoa wapi? Hapa sadaka haitoshi; yatupasa kutubu.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Mwenye nyumba akubali kodi ya mwezi kwa mwezi kutoka kwa asiye na uwezo. Jumuiya zetu zianze sanduku la akiba ya ujenzi, lenye daftari ambalo kila mwanachama aweza kulisoma, na majirani zetu Waislamu wakaribishwe, maana mvua haichagui paa. Tena kabla ya kumsaidia mjane, tumwulize kwanza yeye ataka nini. Naye apewe nafasi katika kazi, kama binti za Shalumu.

Bwana asipoijenga nyumba, wajengao wafanya kazi bure. Lakini hatusomi popote kwamba Bwana aliujenga ukuta ule huku watu wake wamekaa barazani.

Mungu awape nguvu mikononi na upendo moyoni. Amina.