Hesabu ya Tajiri

Nakaa Mbagala, na kwa miaka mingi nimekwenda Kariakoo nikiwa nimesimama mlangoni mwa daladala, karibu na konda kiasi cha kusikia anavyohesabu. Gemu yangu ya kwanza ilitoka pale. Hakuna aliyenituma na hakuna anayenilipa. Nina kompyuta ya mtumba, nina Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo ni ya bure kabisa, na nina saa mbili tatu za usiku watu wakishalala. Umeme ukikatika, nalala na mimi.

Kwenye gemu wewe ni konda. Mtu mzima analipa 600, mwanafunzi 200, na nafasi anayochukua kila mmoja ni ile ile. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake, kisha mafuta, na kinachobaki ndicho chako na dereva. Hesabu isipotimia siku tatu mfululizo, gari anapewa mwingine na gemu imeisha.

Mchezaji wa kwanza alikuwa mpwa wangu, ambaye tunakaa naye. Yuko kidato cha pili. Kila asubuhi anasimama kituoni na shati lake jeupe, konda anaziba mlango kwa mkono, "Wanafunzi wawili tu!", na mara nyingi yeye ni wa tatu. Ameshachapwa kwa kuchelewa. Basi nilidhani nimempa nafasi ya kulipiza kwa wema, atajaza gari wanafunzi watupu.

Siku ya kwanza kweli alibeba watano, akafilisika. Raundi ya pili akawa konda kamili. Gari linasimama mbele ya kituo, si kituoni. Watu wazima wanakimbilia, mlango unafungwa, vimashati vyeupe vinabaki barabarani. Alikuwa anacheka. "Mjomba, ukibeba wanafunzi hesabu haitimii."

Swali limenikaa kooni tangu siku hiyo: nani aliwaacha wale watoto? Aliyebonyeza ni yeye. Lakini zile 600 na 200 niliziandika mimi, na siku tatu za tajiri nilizipanga mimi, nikiwa nimekaa na kikombe cha chai. Sisi wasomaji wa riwaya tumezoea mambo mengine. Mwandishi anatuchorea mtu katili, sisi tunakaa pembeni tunamhukumu, na tukifunga kitabu mikono yetu ni safi. Kwenye gemu kidole ni chako.

Nilijaribu kurekebisha. Nikaweka pointi za baraka, kila mwanafunzi anaongeza kidogo. Mpwa wangu alihitaji dakika kumi hivi kugundua kwamba wawili wanatosha kupata baraka ya siku, kisha unafunga mlango. Wawili! Nilikuwa nimerudi pale pale kwa konda wake wa asubuhi, ila sasa wema umegeuka sarafu nyingine ya kuhesabu. Tena ni uongo. Sijawahi kuona tajiri akipunguza hesabu kwa sababu konda kabeba watoto wa shule. Nikaziondoa.

Nilijifariji kwamba ukiacha namba kama zilivyo, mchezaji ataona ubaya wa mpango mzima. Sina hakika tena. Mwaka 1904 Elizabeth Magie wa Marekani alisajili hataza ya mchezo alioubuni kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyowanyonya wapangaji. Mchezo huo ndio chimbuko la Monopoly, ambao watu wanaucheza hadi leo wakifurahia kumfilisi shangazi yao. Somo lilianguka njiani, raha ya kunyonya ikabaki.

Halafu yuko Lual Mayen, wa Sudan Kusini, aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu kupata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Gemu yake, Salaam, inakufanya ukimbie vita, na alipanga kwamba chakula na maji unavyonunua ndani yake kwa pesa halisi vimfikie mkimbizi halisi. Yeye ana haki ya kutengeneza gemu ya njaa kwa sababu aliijua. Mimi ukonda nimeujulia mlangoni, nikiwa abiria.

Kwa hiyo nilimwonyesha konda mmoja wa njia yetu, kwenye simu, gari likisubiri kujaa. Alicheza kidogo akakunja uso. "Bro, faini za trafiki mbona hazipo? Na tairi likipasuka nani analipa?" Kuhusu wanafunzi hakusema neno. Nilitaka kumuuliza, nikaona haya: mtu ana siku tatu zake za kweli.

Faini nimeziweka. Zimeifanya gemu kuwa ngumu zaidi, na wanafunzi wanaoachwa wameongezeka. Mia mbili nimeiacha kama ilivyo.

Mpwa wangu ameichoka, amehamia kwenye mpira. Ila siku hizi anaondoka saa kumi na moja alfajiri, anapanda gari linalokwenda upande usio wake, hadi Rangi Tatu, anageuza nalo akiwa ameshakaa kabla konda hajaanza kuchagua. Kugeuza kunamgharimu nauli mbili, 400. Hilo bado sijalipatia mahali kwenye gemu.