Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 18: Gari lako linadaiwa nini?



Idi haiko mbali, na kama kawaida yetu foleni za kuosha magari hapa Moshi zitaanza kurefuka. Wapo watakaopanda Machame, Kibosho, Marangu na Rombo kuwaona wazee. Wengine watashika barabara ya kwenda Mwanga na Same, mpaka Tanga na Dar. Leo tutafakari juu ya hilo gari lenyewe. Usicheke, ni swali la dini kabisa: mtu aliyeahirisha kulifanyia gari lake sevisi miaka miwili, mitatu, anadaiwa nini, na anadaiwa na nani?

Tuanze na swaumu, kwa sababu hiyo tunaijua. Aliyekosa siku za Ramadhani kwa ugonjwa, safari au hedhi, atazilipa siku nyingine. Muda amepewa. Imepokewa kwamba Mama yetu Aisha (r.a.) alikuwa akizilipa siku zake hata mwezi wa Shaabani. Kwa hiyo kuchelewesha peke yake si kosa. Lakini mlango una mwisho. Ramadhani nyingine ikiingia nawe hukulipa bila udhuru, basi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi hapa kwetu, unalipa siku yenyewe na juu yake kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Wahanafi wanasema qadhaa inatosha bila kibaba. Hata hivyo wote wanakubaliana kwamba siku iko shingoni mpaka uilipe.

Sasa gari. Wengi wetu tunaendesha magari yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika, tukayatumia na sisi miaka kumi, na leo dashibodi inasoma kilomita laki mbili na nusu, laki tatu. (Kama inasema kweli.) Taa ya injini imewaka tangu mwaka juzi, mpaka siku ikizimika tutashtuka. Fundi alisema oili imwagwe kila kilomita 5,000, wewe umeenda 20,000. Je, utamwaga mara nne kufidia? Hapana. Utamwaga mara moja, utabadilisha na filta, basi. Hapo gari limetofautiana na swaumu: siku zilizopita hazilipwi moja moja. Unachotengeneza ni hali ya leo.

Wengi tukifika hapo tunapumua. "Kumbe nikitengeneza leo yameisha." Kwa oili nakubaliana nawe. Oili mbaya inaua injini yako, mali yako, na kupoteza mali ovyo utajibu wewe na Mola wako. Lakini breki si kama oili.

Hebu fikiria mteremko wetu. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mjini Moshi ni mita mia nane na kitu. Ukishuka na familia nzima na mkungu wa ndizi nyuma, huo uzito wote unashikwa na breki, na kushika kwake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Mafuta ya breki yana tabia moja ambayo wengi hatuambiwi: yanavuta unyevu wa hewa polepole, hata kama hayajavuja tone. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali, inakwenda mpaka chini, gari haliulizi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema yabadilishwe kila miaka miwili. Wangapi kati yetu tumewahi kuyabadilisha? Tunaongezea tu. Na dereva anayezima injini au kuweka gia huru mteremkoni ili aokoe petroli, huyo amezitupia breki kazi yote peke yao.

Chukua madereva wawili, mfano tu. Wote wameambiwa na fundi, "Bosi, padi zimekwisha, hizi usishuke nazo." Wote wamesema, "Tutaona mwisho wa mwezi." Wote wameshuka. Wa kwanza barabara ilikuwa nyeupe, akafika mjini salama akasema alhamdulillah. Wa pili, watoto walikuwa wanavuka. Je, hawa wawili ni sawa?

Kwa haki za watu, si sawa. Wa pili ana diya, na ana kafara iliyotajwa katika Surat An-Nisaa, ambayo kwa zama zetu ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wa kwanza hana hata shilingi ya kulipa. Lakini kile walichokifanya wenyewe, kwa hiari yao, ni kitu kimoja. Uzima wa wa kwanza haukutokana na uangalifu wake. Ulitokana na watoto kuchelewa kutoka shule. Ukiniuliza mimi, huyu wa kwanza ndiye mwenye hali ya kutisha zaidi, maana wa pili amejua. Wa kwanza bado anahesabu miaka aliyoendesha bila ajali kama ushahidi kwamba gari lake halina tatizo.

Tena kuna jambo zito ndani yake. Diya na kafara hiyo ni ya kuua kwa makosa, bila kukusudia. Je, mtu aliyeambiwa na fundi mbele ya mashahidi, akashuka hivyo hivyo, bado yuko kwenye "makosa" kwa maana nyepesi tunayoitumia? Mwanachuoni atakupa hukumu yake, mimi siingilii. Lakini tusikimbilie kusema "ni kadari" kabla hatujasema padi zilikuwa na miezi mingapi. Kadari ni ya kweli, na haijawahi kuwa jina jingine la uzembe.

Mkoa wetu unayajua haya. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba, Same, basi na basi dogo viligongana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 35 wakafariki. Taarifa zilizotolewa siku zile zilisema tairi la basi lilipasuka. Sisemi lilikuwa bovu, hata tairi jipya hupasuka. Allah awarehemu wote. Lakini wewe nenda sasa hivi ukaangalie tairi lako ubavuni, kuna tarakimu nne. Ikiandikwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira unazeeka hata kama kashata bado zipo.

Mtu atasema, "Ustadhi, maisha magumu, pesa ya kutengeneza yote nitaipata wapi?" Ni kweli, na gari la miaka ishirini likiingia gereji fundi anaweza kukuandikia karatasi nzima. Hapo kuna mpangilio ambao wanachuoni wameupanga zamani kwa mambo mengine: kwanza ya lazima, kisha ya haja, mwisho mapambo. Breki, matairi, tairodi na boljointi, taa na waipa, hizo ni roho za watu, na masika ndiyo hayo yanakuja. Mkanda wa taiming na rejeta vinafuata. Kwa injini nyingi za zamani za Toyota zenye mkanda, mwisho wake ni kilomita 100,000, na ukikatika njiani unasimama papo hapo, pengine usiku. Kioo cheusi, rangi, siti kava za Idi, mwisho kabisa. Sisi tunafanya kinyume. Gari linang'aa mpaka unajiona usoni, na chini padi ni chuma kwa chuma.

Suala gumu zaidi ni la wenye Noah na teksi za hesabu. Tajiri anataka hesabu yake kila jioni, sevisi hataki kusikia. Dereva anajua gari ni bovu, na akikataa kuliendesha kesho kutwa funguo zina mtu mwingine. Nani anadaiwa? Katika kukodisha, kuifanya mali iendelee kutumika ni juu ya mwenye mali, kwa hiyo tajiri asijifiche nyuma ya usukani wa mwenzake. Hesabu anayokula huku breki zimekwisha, sehemu yake ni pesa ya padi ambayo hakuitoa. Dereva naye udhuru wake ni mwepesi kidogo kuliko anavyofikiri, maana abiria amempa nauli na roho yake mkononi, tajiri hata hamjui. Mwambie tajiri mbele ya mtu. Mpigie picha hizo padi, mtumie. Ikishindikana, angalau usipandishe mlimani, fanya safari za tambarare wakati unatafuta njia.

Na wapo wanaolipa deni hili kwa kuliuza gari. Wanalipiga rangi, wanafuta taa ya injini kwa mashine, mnunuzi anaondoka anashukuru. Mnakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta chini mbichi. Muuzaji alisema ni mvua. Hakukatazwa kuuza, aliulizwa kwa nini yale yaliyolowa hayakuwekwa juu watu wayaone. Basi uza, lakini taja padi, taja mkanda, punguza bei.

Wale abiria wote uliowashusha miaka hiyo salama kwa bahati, hutawapata uwaombe radhi, na hawajui kama kuna la kusamehe. Kwao hakuna qadhaa. Kuna istighfari, na siku hizi ni zake.

Kesho in shaa Allah: zakatul-fitri, nani anamtolea nani.