Usingizi wa Mke ni Haki ya Nani?

Katika mambo ambayo watu wetu huyapita bila ya kuyatazama, limo jambo la usingizi wa wanawake majumbani. Mwanamume akikosa usingizi siku mbili, nyumba nzima hujua: watoto huambiwa wanyamaze, redio huzimwa, na kitanda hutandikwa mchana. Mwanamke akikosa usingizi miaka kumi, husifiwa kuwa ni mke hodari. Twataka kuuliza swali moja, nalo ni hili: saa za usiku za mke ni mali ya nani? Ni zake mwenyewe, au ni mali ya nyumba, kila mwenye haja akatie mkono achukue atakacho?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Limetujia hapa hapa Shanzu, katika darsa yetu wenyewe, nasi twalieleza kwa haya. Kwa muda wa miaka tulikuwa tukikutana nyumbani kwa mwenzetu mmoja baada ya sala ya Isha, tukisoma na kujadiliana mpaka saa tano za usiku, na pengine saa sita. Chai ya tangawizi ilikuwa ikija mara mbili, mkono ukitoka nyuma ya pazia na kurudi. Mkono huo huo ulikuwa ukiamka saa tisa na nusu kusukuma mahamri na kuinjika mbaazi, kwani bibi yule huwauzia asubuhi wendao kazini mahotelini na madereva wa tuktuk wa njia ya Mtwapa. Mtu yeyote ajuaye kutoa na kujumlisha angeliona kwamba baina ya kikombe chetu cha mwisho na kuamka kwake hazikubaki saa tano. Hatukuipiga hisabu hiyo hata siku moja, na sisi tulikuwa tukisoma mlango wa haki za watu.

Asubuhi moja tulipata khabari kuwa ameanguka jikoni. Mafuta ya moto, alhamdulillahi, yalimwagikia upande wa pili. Hospitali walimpima wakaona shinikizo la damu limepanda sana, na daktari alipomuuliza hulala muda gani kwa usiku, alicheka. Mumewe naye, ambaye ni mtu mwema na twamshuhudia kwa hilo, alituambia neno moja tu: "Mimi sikumwamrisha." Alisema kweli. Hakuna katika sisi aliyemwamrisha. Tulipomtuma dada mmoja amuulize bibi mwenyewe kwa nini hakusema, jawabu lake lilikuwa fupi pia: "Nimezoea."

Hapo ndipo penye uzito. Twajua hukumu ya mwenye kumlazimisha mwenziwe; lakini dhulma isiyo na mwenye kuiamrisha, na ambayo aliyedhulumiwa asema ameizoea, tuiite nini? Wako watakaosema kwamba hapo hapana dhulma, kwani mwenye haki ameridhika. Sisi hatuoni hivyo. Mwenye deni akinyamaza kwa haya, deni haliwi limekufa. Na mazoea si radhi; mtu huzoea hata kiatu kinachombana, akenda nacho akichechemea, na kidole kisipone. Mtu atasema: mbona sharia imekufanya kunyamaza kwa bikra wakati wa posa kuwa ni ridhaa yake? Twajibu: yule ameulizwa kwanza, ndipo akanyamaza. Hawa wa majumbani mwetu ni nani aliyewauliza? Kimya kisichotanguliwa na swali si jawabu.

Na zaidi ya hayo, wengi wetu hatujui hata hiyo kazi inayowakesha wake zetu imesimama juu ya msingi gani. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tuyafuatayo hapa Pwani, wanavyuoni wamesema wazi kwamba kupika na kufua na kufagia si wajibu unaomlazimu mke kwa mkataba wa ndoa. Azifanyapo, hizo ni ihsani yake. Wako wanavyuoni wengine waliomlazimisha kwa kadiri ya ada ya mji, lakini hata hao wamesema kwa wema, na si kwa kumdhuru. Basi hapa petu tumeichukua ihsani tukaifanya faradhi, kisha faradhi hiyo tukaiondolea mipaka ya wakati. Hata saumu ya Ramadhani, ambayo ni nguzo, sharia imemruhusu mwenye mimba na mwenye kunyonyesha aiache na ailipe siku nyengine akichelea nafsi yake au mtoto. Je, chai ya saa tano za usiku ni nzito kuliko saumu?

Wale wanaodhani kwamba kukesha ni uchaji kwa hali yoyote, nawakumbuke kisa kinachojulikana cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zainab. Akichoka katika sala ya usiku huishika. Akaamuru ifunguliwe, na mtu asali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Tazama: mwanamke alikuwa katika ibada bora, kwa hiari yake, wala hapana aliyemsukuma, na juu ya hayo kamba ikafunguliwa. Kamba za wake zetu ni nyingi, na ncha ya kila moja tumeishika sisi.

Sasa tuje kwenye mwili, kwani wako wasiosadiki mpaka waambiwe na tabibu. Mtu mzima huhitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Usingizini shinikizo la damu hushuka, na moyo hupata nafuu ambayo mchana haupati; akosaye usingizi huikosa nafuu hiyo usiku baada ya usiku. Mwili usiolala huitumia sukari vibaya, na njaa yake huzidi, khasa ya vitamu na vya mafuta. Ndiyo maana ukosefu wa usingizi wa siku nyingi huandamana na shinikizo la damu, kisukari, unene na ugonjwa wa moyo. Hayo ni ya wote, wanaume na wanawake. Lakini maradhi ya kukosa usingizi huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na sababu nyengine zimo katika maumbile yao: siku za hedhi na maumivu yake, mimba, kunyonyesha, na joto la ghafla la usiku linalowajia wanapokoma hedhi. Upungufu wa madini ya chuma, ambao ni mwingi kwa wenye mimba, huweza kuleta mwasho na wasiwasi wa miguu usiku, mtu asiweze kuituliza; huyo dawa yake si kuambiwa avumilie, ni kupimwa damu. Na mwanamke akikoroma na kuamka hali amechoka, watu hucheka, kumbe pengine pumzi yake hukatika usingizini.

Mwaka wa 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa California juu ya wanawake 131 walio katika mwezi wa tisa wa mimba. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 kwa usiku, uchungu wao wa kuzaa ulirefuka, na kupasuliwa kwao kulizidi mara nne na nusu kuliko waliolala saa 7 na zaidi. Utafiti mmoja si hukumu ya mwisho. Lakini mtu ambaye mkewe yu katika mwezi wa tisa na bado ndiye amwamshaye amtilie maji ya kuoga, naufikiri. Na baada ya kuzaa, usingizi uliokatikakatika ni katika mambo yanayohusiana na ile huzuni kubwa impatayo mzazi, ambayo huku kwetu huitwa majina mengi isipokuwa jina lake.

Kwa kuwa tumefika kwenye majina, natuseme la jinamizi. Mwanamke huzinduka, macho yake yaona, masikio yasikia, lakini viungo havimtii, na kifua ni kama kimekaliwa na mtu. Hofu hiyo ni ya kweli wala si ya kuchekwa. Maelezo yake ni kwamba mtu akiwa katika ndoto, mwili hulegezwa usije ukatenda anayoyaota. Mara nyengine akili huamka kabla ya mwili kufunguliwa, na baada ya muda mfupi hupita. Huwajia zaidi watu waliokosa usingizi au ambao saa zao za kulala zimevurugika. Basi sisi hufanya nini? Humpeleka kwa mganga, naye husema ni pepo, yatakiwa ngoma. Ngoma ikapigwa usiku kucha! Mgonjwa wa kukosa usingizi akakeshezwa kwa jina la dawa, na fedha ikalipwa. Hatukanushi kuwako kwa majini, kwani hilo limo katika imani yetu. Twakanusha kila ugonjwa wa mwanamke kutiwa mgongoni mwao. Wala hatumsamehe yule anunuaye vidonge vya usingizi dukani kama anunuavyo peremende. Kukosa usingizi kwa miezi kuna matibabu ya kurekebisha mazoea na fikra za kulala, nayo matabibu huyatanguliza mbele ya vidonge.

Wazee wetu watatwambia kwamba mama zao waliamka alfajiri na hawakufa. Ni kweli waliamka, lakini taa ilizimwa mapema, na nyumba ilikuwa na shangazi, na mawifi, na binti wa jirani, aliyechoka alishikiwa. Leo twende katika vyumba vya kupanga vya Shanzu na Bamburi, twamkuta mwanamke mmoja peke yake, ameajiriwa zamu ya usiku hotelini, na akirudi asubuhi watoto wataka kwenda skuli. Kazi ya zamu za usiku si jambo dogo: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiingiza mwaka 2007 katika orodha ya mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, na mwaka 2019 likalitilia nguvu neno hilo. Na uchunguzi wa serikali ya Kenya wa mwaka 2021 juu ya matumizi ya wakati ulionyesha kwamba mwanamke hutumia katika kazi za nyumbani zisizo na malipo karibu mara tano ya wakati anaotumia mwanamume. Ukiongeza joto la kaskazi, mbu, na miziki ya pwani isiyozimwa mpaka usiku mkubwa, utastaajabu kwamba wanaoanguka jikoni si wengi zaidi.

Ramadhani ndiyo mtihani wetu mkubwa. Yeye ndiye wa mwisho kulala baada ya tarawehe na vyombo, na wa kwanza kuamka kwa daku. Sisi huamshwa chakula kikiwa mezani, kisha tukalala tena mpaka adhuhuri tukasema saumu imetuchosha.

Katika darsa yetu tumekata shauri, na halikukatwa bila ya maneno. Twaanza baada ya Magharibi, twaondoka baada ya kusali Isha. Kila mtu aje na chupa yake ya chai, au akae bila ya chai. Mwenzetu mmoja alikasirika, akasema darsa imepoteza baraka na adabu ya mgeni. Hakuja majuma mawili, kisha akaja, na chupa yake hakuja nayo. Mwenye nyumba ameanza kuamka yeye kuwasha jiko na kusukuma mahamri, na wateja wanasema yanatoka mapana kupita kiasi. Bibi yake tumesikia kuwa shinikizo limeteremka kidogo, naye bado yuko kwenye dawa. Usingizi, asema, haujamrudia sawasawa. Saa tisa na nusu bado humzindua, akalala kimya akisikiliza sufuria jikoni.