Viti Viwili na Nusu

Fundi wangu wa Mbeya analiita mkeka, kwa jinsi lilivyolala chini. Watoto wa jirani wanaliita gari la mashindano, ingawa kwa njia yetu halijawahi kushindana na kitu zaidi ya matuta na madimbwi. Mama hataki hata kulitaja. "Umekiegesha wapi kile?" ndivyo anavyouliza. Ni Toyota Celica ya mwaka 2002, rangi ya fedha, milango miwili, cc 1794. Mbele lina viti viwili, na nyuma lina kitu ambacho waliolitengeneza walikiita viti. Mimi nakihesabu kuwa nusu.

Nililinunua kwa mtu aliyekuwa ameshalichoka, kwa fedha niliyoiweka kwa miaka mitatu nikifanya kazi kwa wakala mmoja wa forodha Tunduma, kabla sijaenda Dar es Salaam kusoma uzamili wa falsafa. Sasa nimerudi nyumbani, upande wa Mlowo, kuandika tasnifu. Gari nimerudi nalo.

Aliyekulia Songwe hashangai magari ya Japani. Tunayaona yakipita kila siku: yameshuka bandarini, yameendeshwa zaidi ya kilomita 900 kupitia Morogoro, Kitonga, Iringa, Makambako na Mbeya, yanavuka Tunduma kuingia Nakonde, na mengine hayasimami mpaka Lubumbashi. Tunayaita IT. Hayaruhusiwi kubeba abiria, na kila mtu aliyewahi kukosa basi Makambako usiku anajua kwamba yanabeba. Mimi nilikuwa mtu wa karatasi zake. Namba ya chasisi, mwaka wa kutengenezwa, ujazo wa injini, mchana kutwa. Kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa mwaka 2019 tuliambiwa foleni ya malori itakuwa historia. Nakuachia wewe uliyewahi kupita pale useme.

Kazi ile ilinifundisha kuliangalia gari kama mkusanyiko wa asilimia. Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8. Sisi hatukatai, tunatoza: ushuru wa forodha 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya injini, na gari dogo likizidi miaka 10 linaongezewa 30 nyingine kwa kosa la kuzeeka. Ndiyo maana mtu wa kipato changu haagizi. Anasubiri mwingine aagize, alipe, afurahi, achoke. Kisha anakwenda kununua uchovu wake.

Lakini kwa nini hili? Fedha ileile ingenipa IST, yenye milango minne na nafasi ya magunia, gari la mtu mwenye akili. Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa kwamba nililipenda, na si uongo. Ile injini ni moja na ya Allion na magari mengine mengi ya Toyota, kwa hiyo spea za injini si tabu, lakini ukivunja bampa utajuta. Na ukitoka Mlowo alfajiri kabla malori hayajaamka, vioo vimeshushwa, baridi ya Mbozi inakupiga usoni, gia ya nne inaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake, unajisikia kwamba kuna sehemu ya maisha yako ambayo hakuna mtu anayeidai. Sitaiombea radhi furaha hiyo.

Ila kulikuwa na jibu la pili, na sikulisema hata kwa wenzangu wa chuoni.

Baba alikuwa mwalimu, na nilipokuwa mdogo alinunua Toyota Noah. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa Noah ya mtaa. Ilibeba wajawazito, wagonjwa wa malaria, maharusi, kahawa ya watu, masufuria ya shughuli, na mara mbili ilibeba maiti, viti vya nyuma vimekunjwa na sisi watoto tumeachwa nyumbani. Mafuta yalikuwa ya Baba. Waliotoa walitoa buku mbili na shukrani. Giaboksi ilikufa siku moja barabarani, ndani kuna watu kumi na mmoja wanaotoka kwenye ubatizo, na fedha iliyoitengeneza ilikuwa ada yangu. Nilikaa nyumbani wiki tatu nikingoja ada ipatikane upya. Katika wiki hizo gari lilipona, na watu waliendelea kuja kugonga geti. Niliwafungulia mimi.

Kwa hiyo nilipoiona Celica kwa yule muuzaji, kitu cha kwanza nilichokifanya ni kukunja kiti cha mbele na kutazama nyuma. Mtu mzima hakai pale. Begi la shule linakaa. Nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimepata gari ambalo lingenisemea.

Na lilisema. Mama mmoja wa jirani alikuja na magunia yake mawili ya kahawa. Nilimfungulia mlango ajionee. Akatazama, akacheka, akasema, "Hili ni pambo, mwanangu," akaenda kutafuta pikipiki. Hakukasirika. Wangapi walikuja hivyo sikuhesabu, ila najua walivyopungua. Baada ya miezi michache hakuna aliyekuja. Jina Celica linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu cha mbinguni, nami nilikuwa nikiwatania rafiki zangu kwamba Mbozi sasa ina vitu viwili vilivyotoka juu, gari langu na Kimondo, kile chuma cha tani 16 kilichodondoka huko Marengi, na vyote viwili havibebi mtu.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa Aprili, mvua za mwisho. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee tunayemwita Babu, ingawa si ndugu. Alikuwa fundi baiskeli, na baiskeli yangu ya kwanza aliiunganisha yeye kutoka kwenye vipande vya tatu zilizokufa. Saa tano usiku mkono wake wa kulia ulilegea na maneno yakaanza kumtoka yakiwa yamekatika. Wanawe walimpigia simu dereva wa bajaji aliyekuwa Mlowo. Bajaji ikakwama kwenye tope, wakaenda kuisukuma, na ilikaribia saa nzima mpaka Babu akaondoka kwenda Vwawa.

Mimi nilikuwa macho. Taa yangu ilikuwa inawaka. Nilikuwa naandika. Nilisikia sauti za watu nikadhani ni walevi wanarudi. Gari lilikuwa chini ya dirisha langu, tangi nusu.

Asubuhi nilimkuta mwanawe mkubwa akirudi kuchukua shuka. Nikamuuliza, mbona hamkunigongea? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu bila sababu. "Kaka," akasema, "lile gari lako si halibebi mtu?"

Hakunilaumu. Nilisubiri lawama siku kadhaa, haikuja. Babu aliishi. Mkono umebaki dhaifu, na maneno mengine anayatafuta kama mtu anayetafuta bisibisi gizani. Daktari hakusema kama saa ile moja ilibadilisha kitu, nami sikumuuliza.

Nilichofanya siku ile, mtu wa kunitazama angeniona nimerukwa na akili. Nilikwenda kwenye gari nikavuta kiti cha abiria kikalala chote, nikajilaza. Nikaingia, nikatoka, nikaingia tena nikijifanya sina mkono mmoja. Inawezekana. Mgonjwa angelala, mwanawe angejikunja nyuma ya kiti changu, magoti kidevuni, kwa nusu saa. Tope lingetusumbua, labda tungekwama kama bajaji ilivyokwama, labda lingevunjika bampa. Lakini "haliwezi" halikuwa neno la gari. Lilikuwa langu.

Kwenye semina tulisoma kanuni inayonasibishwa na Kant, kwamba huwezi kumdai mtu wajibu asioweza kuutimiza. Ni kanuni ya huruma. Asiyejua kuogelea halaumiwi kwa kutoruka mtoni. Mimi nilikuwa nimeishi ndani ya kanuni hiyo kwa raha. Ila Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili, anataja sheria zilizompa mlevi aliyekosa adhabu maradufu: kweli alipokosa hakujua alitendalo, lakini kulewa kulikuwa mikononi mwake. Nilipousoma mstari huo mara ya kwanza niliwafikiria madereva. Sasa najifikiria mimi nikiwa mzima kabisa, mchana, kwa muuzaji wa magari, nikikunja kiti na kucheka. Kutoweza kwangu nilikuwa nimekilipia fedha taslimu.

Peter Singer naye, katika makala yake maarufu ya mwaka 1972, anatupa mtoto anayezama kwenye dimbwi na mpita njia anayeogopa kuchafua nguo. Kila tunapoujadili mfano huo darasani tunagombana kuhusu gharama: nguo, viatu, fedha, umbali. Hakuna aliyeuliza juu ya mtu aliyechagua njia isiyopita dimbwini. Huyo hana hatia ya kumwacha mtoto, maana hakumwona. Atalala usingizi. Mimi nililala usingizi, usiku ule baada ya saa saba.

Rafiki yangu mmoja wa sheria aliniambia najitesa bure. Hoja yake ni nzuri, na sijaimaliza. Anasema kazi ya kumfikisha mgonjwa hospitali usiku ni ya gari la wagonjwa, na kila mwenye Noah anayeifanya kwa wema anaisaidia serikali isahau. Anasema kijana aliyefanya kazi kihalali ana haki ya kuwa na kitu kizuri kisicho na faida kwa mtu mwingine, na kwamba jamii inayomgeuza kila mwenye tairi nne kuwa mali ya umma ndiyo inayowafanya watu wajenge kuta ndefu. Nyerere katika kijitabu chake cha 1962 aliuona ujamaa kwanza kuwa mwelekeo wa moyo kabla ya kuwa mpango wa uchumi, na rafiki yangu hujibu kwamba moyo hauna giaboksi. Namwelewa. Wiki tatu za ada sijazisahau.

Lakini ona hapa. Baba naye alikataa watu, mara nyingi tu. Alikataa kwa kusema hapana, akiwa amesimama getini, uso kwa uso, na yule mtu akaondoka akinung'unika. Kesho yake mwingine aligonga, kwa sababu hapana ya Baba ilikuwa ya siku moja. Yangu niliitoa mara moja kwa watu wote, hata ambao walikuwa hawajaugua. Sikumnyima Babu lifti. Nilimnyima kuniomba, na sina hakika kama kuna kitabu kinachosema lipi kati ya hayo ni baya zaidi.

Nilimweleza Baba haya nikitarajia anihubirie. Alikaa kimya, akamenya muwa, kisha akasema, "Unajua mimi nilikuwa nachomoa waya wa betri?" Sikuelewa. Akaeleza kwamba kulikuwa na siku alizochoka sana, akisikia watu wanakuja anatoka nyuma anachomoa terminali, na wakifika anawasha mbele yao, gari linanyamaza, anawaambia limekufa. "Mama yako anajua. Watu walilisukuma mara moja, wazee wa kanisa, mpaka kule kisimani. Niliona aibu." Nikamuuliza ilikuwaje akaendelea kuwa mtu wa watu. Akasema asubuhi alikuwa anaurudisha waya.

Siuzi gari. Nilifikiria kuliuza, nikagundua kwamba nilitaka kuliuza ili watu waone nimeliuza.

Jumanne Babu ana mazoezi ya viungo Vwawa. Kumwingiza kunachukua dakika tano: anageuka, anakalia ukingo, naukamata mguu, anaangukia kitini huku akicheka au akitukana, siku hizi maneno yake hayachagui. Mara ya kwanza alipofika chini kabisa alinyamaza, akapapasa dashibodi kwa mkono mzima, mkono wa fundi, akasema taratibu kwamba hili gari mtu haliingii, analivaa. Matuta tunayapanda kwa ubavu, tairi moja moja. Pale kwenye lami iliyonyooka huwa ananitazama, nami najua anachotaka, naangalia kwanza kama kuna tochi.

Wiki iliyopita tulipofika getini kwake tulimkuta yule mama wa magunia. Alitazama Babu anavyotolewa, akasubiri tumalize, akaniuliza kama Jumanne ijayo nyuma patakuwa wazi, ana mjukuu wa miaka sita ana kliniki ya macho. Tasnifu yangu inatakiwa Jumatano. Nilimwambia anigongee Jumatatu jioni, nitamjibu.