Haraka ya Kuhukumu

Mjukuu wangu anasomea sheria pale Malimbe, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Jioni moja, tukiwa barazani tunatazama mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikitoka, nilimsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomkamata mwizi mwaka 1988, nikiwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu. Fedha za chakula zilipotea ofisini. Mwanachuo mmoja kutoka Ukerewe alionekana karibu na mlango. Nilimfungia stoo tangu asubuhi. Jua lilipotua alikiri, nami nikamfukuza.

Mjukuu akauliza, "Babu, alikiri kabla ya kufungiwa au baada yake?"

Naamini swali hilo ndilo elimu yao yote kwa ufupi. Wengi hudhani vijana wale hufundishwa namna ya kumtia mtu hatiani au kumtoa. Kumbe kwanza hufundishwa kungoja. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika.

Kungoja si rahisi. Katika miaka ya 1980 wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu kwa kuwa wezi wa ng'ombe walikuwa wamewachosha. Siwalaumu kwa kuchoka. Mtu aliyeamka akakuta zizi tupu hana masikio ya kusikia habari za ushahidi. Lakini haraka haimtafuti mwizi. Humshika aliye karibu, tena asiye na wa kumtetea.

Nasi wa kanda hii tulikwisha kuonywa. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa tuhuma za mauaji, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, hakumgusa mtu kwa mkono wake; hata hivyo mwaka 1977 alijiuzulu. Nilikuwa mwalimu kijana. Nilikisifu kitendo hicho mbele ya darasa langu, nikakiita somo la uwajibikaji. Miaka kumi na mmoja baadaye ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu.

Sasa nikueleze, msomaji, nililomficha mjukuu wangu kwa saa nzima. Miezi miwili baada ya kumfukuza kijana yule, fedha zilionekana nyuma ya droo ya kabati lile lile. Niliandika barua Ukerewe, haikujibiwa. Sikuandika ya pili, wala sikupanda meli kumfuata. Sikujiuzulu pia. Nilistaafu kwa heshima, wakanipigia makofi.

Usiku ule nilimwambia yote. Hakunihukumu. Aliniuliza jina la kijana yule na kijiji chake, akaviandika katika daftari lake, akanipa karatasi ile.

Bado ninayo. Nansio si mbali kwa meli, nami miguu ingali inanibeba.